Kwaya au Ngoma? Historia Fupi ya Mwendo wa Mwili katika Mazoezi ya Kwaya za Shule

Utangulizi

Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022, na tangu hapo idara yetu imejiwekea desturi ya kuandaa kwaya ya wanafunzi kwa ajili ya siku hiyo. Katika mojawapo ya maandalizi hayo, wimbo ulitungwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mahadhi yake yakaazimwa kutoka katika wimbo wa kanisani ambao wengi wao waliufahamu tangu utotoni. Siku ya tatu ya mazoezi tuligundua kasoro. Maneno yalikuwa ya Kiswahili sanifu na sauti zilikuwa nzuri, lakini msikilizaji angepata taabu kuelewa kinachoimbwa. Neno "nyumbani" lilitoka likiwa na uzito kwenye "nyu". Neno "barabara", ambalo mtunzi alikusudia liwe njia ya kupitia, lilisikika kama lile lenye maana ya "sawasawa".

Tuliwarekebisha kwa maneno mara tano au sita bila mafanikio. Ndipo mwanafunzi mmoja kutoka Burundi alipopendekeza kwamba waimbaji waache kusimama kwenye mstari, wazunguke chumba wakitembea, na wakanyage kwa nguvu pale tu ambapo mkazo wa neno unaangukia. Haukupita muda mrefu kabla kwaya yote haijakwama mahali pamoja. Mguu ulitaka kushuka kwenye "mba" ilhali wimbo ulishuka kwenye "nyu". Wanafunzi walicheka, kisha wao wenyewe wakaanza kurekebisha mahadhi.

Wakati huo mwenzetu mmoja alikuwa akipita nje. Alisimama mlangoni, akatazama vijana wakizunguka wakipiga miguu, akauliza: "Hii ni kwaya au ngoma?" Aliuliza kwa mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na lawama ndani yake. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa njia ya historia. Tunakusudia kuonyesha kwamba kwaya iliyosimama wima bila kutikisika si sheria ya muziki wala si urithi wa Ulaya yote. Ni desturi iliyozuka mahali fulani kwa sababu fulani, nayo imemnyima mwalimu wa lugha chombo kimoja muhimu.

Tulivyofundishwa sisi

Sisi tuliosoma shule za bweni nchini Uganda katika miaka ya 1990 tunakumbuka mazoezi ya kwaya yalivyokuwa. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na njia yake ya kuhakikisha kwamba hakuna anayetikisika: kila mwimbaji aliwekewa daftari kichwani. Daftari likianguka, mwimbaji alitoka mstarini na kupiga magoti hadi wimbo uishe. Ubaoni ziliandikwa herufi za solfa, d, r, m, f, s, l, t, nasi tulizisoma huku mikono yetu ikiwa imefungwa nyuma ya mgongo.

Alikuwepo mwenzetu mmoja ambaye mguu wake wa kulia haukuweza kutulia. Tulipokosea mapigo, yeye peke yake hakukosea, na wengi wetu tulikuwa tukimtazama mguu kwa siri ili tujue pa kuanzia. Mwalimu alipoligundua hilo alimfukuza kwayani, akisema kwamba kwaya si mahali pa kucheza ngoma. Siku chache kabla ya mashindano tulianza kuingia vibaya katika kiitikio, kila sauti kwa wakati wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusema ni kwa nini. Tulikwenda kwenye mashindano tukiwa tumenyooka kama nguzo, tukashindwa.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba alikuwa akitupatia kwaya "ya kweli" kama ilivyo Ulaya. Kwa hiyo inatupasa kwanza tuulize: je, huko Ulaya walifundishaje?

Mkono wa Curwen na mguu wa Dalcroze

Tuanze na zile herufi za ubaoni. Mbinu ya solfa ilianzia kwa mwalimu wa kike wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover (1786–1867), aliyetafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba bila kuwatwisha mzigo wa nota za mistari mitano. Mchungaji John Curwen (1816–1880) aliichukua mbinu hiyo katika miaka ya 1840, akaipanga upya na kuieneza katika shule za Jumapili na miongoni mwa wafanyakazi. Faida yake kubwa ilikuwa unafuu. Kiwanda chochote chenye herufi za kawaida kingeweza kuchapa nyimbo, na mtu maskini angeweza kuzinunua. Ndiyo maana solfa ilisafiri kwa wepesi hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao mahadhi yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa.

Lakini solfa ya Curwen haikuwa herufi tu. Kufikia mwaka 1870 hivi alikuwa ameiongezea ishara za mkono, moja kwa kila sauti. "Do" ni ngumi iliyofumbwa, sauti ya nyumbani, imara. "Mi" ni kiganja kilicholazwa, kimetulia. "La" ni mkono ulioning'inia kwa unyonge, na "ti" ni kidole kinachoelekea juu kana kwamba kinatamani kufika "do" ya juu. Mwanafunzi aliiona sauti, akaitenda kwa mkono wake, kisha akaiimba. Baadaye Zoltán Kodály (1882–1967) na wafuasi wake walizichukua ishara hizo na kuziingiza katika shule za Hungaria, na kutoka huko zikaenea duniani. Sisi tulipewa herufi za Curwen, mikono yake hatukupewa. Tulifunga nyuma ya mgongo kile ambacho mwenye mbinu alikitaka kiwe mbele ya macho.

Wa pili ni Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950), aliyekuwa mwalimu wa haomonia katika chuo cha muziki cha Geneva, Uswisi, kuanzia mwaka 1892. Alishangaa kuona kwamba wanafunzi wake waliweza kuandika kanuni za muziki kwenye karatasi kwa usahihi lakini hawakuweza kuzisikia vichwani mwao. Wengine walipiga vyombo kwa ustadi wa vidole huku wakipoteza mapigo. Hata hivyo, wanafunzi hao hao walipotembea barabarani, hatua zao zilikuwa sawa kabisa. Dalcroze akafikia uamuzi kwamba mapigo yamo mwilini tayari, na kwamba kosa lilikuwa la shule iliyomwambia mwanafunzi akae kitini.

Akaanza kuwatembeza. Miguu ilifuata mapigo, mikono ikapiga makofi kwa kufuata maneno ya wimbo, na mwalimu alipotoa amri, mwendo ulibadilika papo hapo: kusimama, kugeuka, kwenda haraka maradufu. Wapo waliokasirika, hasa walipowaona wanafunzi wakitembea miguu mitupu na nguo nyepesi. Lakini mbinu yake ilishika. Mwaka 1911 lilifunguliwa jengo maalumu la mafunzo yake huko Hellerau, karibu na Dresden, Ujerumani. Mwaka 1913 ikaanzishwa shule London. Na mwaka 1915 taasisi yake ya Geneva, ambayo ipo hadi leo.

Hapa ipo tofauti moja ambayo mara nyingi husahauliwa. Mwendo wa Dalcroze ulikuwa wa mazoezini na kazi yake ilikuwa kufundisha sikio. Kwaya iliyofanya mazoezi kwa kutembea iliweza kabisa kusimama wima jukwaani siku ya tamasha. Anayefikiri kwamba kumtembeza mwimbaji Jumanne ni kumlazimisha acheze Jumapili anachanganya mambo mawili.

Kwaya ilipofika kwetu

Ikiwa Ulaya penyewe palikuwa na mkono wa Curwen na mguu wa Dalcroze, ule unyoofu wa nguzo ulitufikiaje? Jibu limo katika uhusiano wa shule za misheni na neno moja: ngoma.

Neno hili ni la kale katika lugha za Kibantu. Kwa Kiganda "eŋŋoma" ni chombo kinachopigwa. Kwa Kinyarwanda na Kirundi "ingoma" ni chombo hicho na pia ni utawala wa mfalme. Kiswahili kimelipanua zaidi: ngoma hupigwa, ngoma huchezwa, na watu huenda ngomani. Chombo, wimbo, mwendo na kusanyiko vyote vimo katika neno moja. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili wa zamani, kuuliza kama jambo ni wimbo au ni mchezo wa mwili lingekuwa swali la ajabu.

Wamisionari wengi waliofika katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliona katika ngoma mambo ambayo hawakuyataka: ibada za jadi, unyago na jando, pombe, na mikesha ya usiku. Njia fupi ya kuyaepuka yote ilikuwa kuipiga marufuku ngoma yenyewe, na ngoma ilipoondoka iliondoka na mwendo wote. Hivyo mwili uliotulia ukawa alama ya mtu aliyeokoka na aliyesoma. "Kwaya", neno tulilolitohoa kutoka Kiingereza, likaingia katika lugha yetu likiwa kinyume cha ngoma. Swali la mwenzetu mlangoni lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Hata hivyo, tusiwaweke wamisionari wote katika kapu moja. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, aliyeongoza dayosisi yake kati ya mwaka 1926 na 1944, alijaribu kuipa jando sura ya Kikristo badala ya kuifuta. Isitoshe, shule za kikoloni zenyewe zilikuwa na mwendo mmoja uliokubalika, nao ni gwaride. Mtoto aliyekatazwa kuyumba akiimba aliamriwa kupiga hatua kwa mapigo ya tarumbeta uwanjani. Watu wa pwani hawakuchelewa kuona nafasi iliyokuwepo hapo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, ameeleza jinsi beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilivyochukua bendi na gwaride na kuvifanya mchezo wa mashindano. Neno "beni" lenyewe limetokana na "bendi". Mwendo uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia dirishani ukiwa umevaa sare.

Tukiwa bado pwani, ni vyema kukumbuka kwamba si kila uimbaji wa ibada ulitenga mwili. Katika maulidi ya homu ya Zanzibar, waimbaji hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, wakainama na kuinuka kwa pamoja kadiri sifa za Mtume zinavyoimbwa na matari yanavyopigwa. Anayewatazama huona safu yote ikienda kama wimbi moja. Hakuna anayewaita wahuni, na hakuna anayekosa pa kuingia, kwa sababu pumzi na mgongo vinafundishwa pamoja.

Tahadhari moja inahitajika. Mwaka 1928 mtaalamu Erich von Hornbostel aliandika kwamba muziki wa Kiafrika huanzia katika tendo la mwili, ilhali wa Ulaya huanzia katika usikivu. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi, na ndani yake mna ukweli wa kusaidia. Lakini ikichukuliwa jinsi ilivyo hugeuka kuwa mtego: Mwafrika anabakia mwili na Mzungu anabakia sikio. Dalcroze amekwisha kutuonyesha kwamba mtoto wa Geneva naye alihitaji miguu yake ili asikie.

Kutoka Kamina hadi majukwaa ya taifa

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, na mfano ulio bora kuliko yote ulitokea kwa majirani zetu wa Kongo. Katika mji wa Kamina, jimbo la Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano, padri Mbelgiji Guido Haazen alikusanya kwaya ya wavulana wapatao 45 pamoja na walimu wapatao 15. Badala ya kuwapa vitabu vya nyimbo, aliwaacha waimbe sala za Kilatini za misa kwa njia walizozijua wenyewe kutoka katika nyimbo za jadi. Mazoezi ndiyo yaliyozaa utunzi. Hapakuwa na karatasi ya nota iliyotangulia, bali palikuwa na ngoma, maitikio na miili iliyokwisha kuyajua mapigo. Misa hiyo, iitwayo Missa Luba, iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka huo huo kwaya hiyo ikazunguka Ulaya ikiimba, ikipiga ngoma na kucheza. Santuri yake ilisikika dunia nzima. Ulaya ilishangilia kitu ambacho shule nyingi za Afrika bado zilikuwa zikikiadhibu.

Hapa Uganda, Joseph Kyagambiddwa alikuwa amechapisha mwaka 1955 kitabu kuhusu muziki wa Waganda, na baadaye akatunga oratorio kubwa ya Mashahidi wa Uganda, inayohusishwa na kutangazwa kwao kuwa watakatifu mwaka 1964. Alitunga kwa kufuata mwendo wa lugha ya Kiganda yenyewe na kwa kutumia ngoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kutamka, Desemba 1963, kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima yanayostahili. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo mwendo wa mwili una nafasi yake ndani ya ibada. Kwa miaka thelathini, kuanzia Kamina, mambo yalikuwa yamegeuka.

Katika Tanganyika jambo hilo lilichukua sura ya kisiasa. Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba vijana wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kwa walimu wa Kiswahili, tunda lililo karibu zaidi nasi ni ngonjera. Mathias Mnyampala (1917–1969) aliyaendeleza majibizano haya ya kishairi, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitolewa mwaka 1970 na 1971. Wanafunzi hawakuisoma ngonjera wakiwa wameketi. Waligawana nafsi, wakaelekeana, wakajibizana kwa mkono, uso na hatua. Darasa la lugha lilikuwa limepata mwili wake.

Kenya ilifuata njia ya mashindano. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 kwa ajili ya walowezi, na baada ya uhuru likawa la shule zote. Humo mna nyimbo za kusimama wima na mna nyimbo za jadi zinazokwenda na mwendo, na shule moja huweza kushiriki katika aina zote mbili. Mfano mwingine wa Kenya unafurahisha zaidi. Wimbo wa taifa uliotayarishwa mwaka 1963 umejengwa juu ya mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Wimbo wa aina hiyo hauwezekani bila mwili, kwa kuwa mama hupiga hatua, humtikisa mtoto, humpigapiga mgongoni. Leo taifa zima huusimamia wima kwa heshima, na ndivyo inavyostahili. Lakini mapigo yake yalizaliwa mgongoni mwa mama.

Faida kwa mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi walimu wa lugha, ambao hatukuajiriwa kufundisha muziki? Yanatuhusu kwa sababu ya mkazo.

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo kama "lazima", ambalo mkazo wake uko kwenye "la". Kanuni hii ni nyepesi kuikariri na ni ngumu kuitenda, kwa maana mkazo huhama neno linaporefuka: "nyumba" ina mkazo kwenye "nyu", "nyumbani" kwenye "mba", "soma" kwenye "so", "someni" kwenye "me". Kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi, ugumu huongezeka, kwa kuwa lugha hizo hutofautisha maneno kwa toni na kwa urefu wa irabu. Sikio lake limezoea kutafuta vitu vingine.

Nyimbo za kigeni zilizotafsiriwa zimetuongezea tatizo. Mishororo mingi ya nyimbo za Kiingereza humalizika kwa silabi nzito, na mahadhi yake huweka pigo zito na sauti ndefu hapo mwishoni. Lakini karibu kila mshororo wa Kiswahili humalizika kwa silabi nyepesi, kwani uzito umekwisha kupita katika silabi iliyotangulia. Matokeo yake ni kwamba "Baba" inaimbwa kama "baBAA", na vizazi vya watoto vimekua vikidhani ndivyo wimbo unavyopaswa kuwa. Ni kweli kwamba malenga wa Kiswahili naye huivuta silabi ya mwisho, mahali penye kina, anapoghani shairi. Lakini kuivuta sauti si sawa na kuitwika pigo. Mguu huijua tofauti hiyo mara moja. Mtu anaweza kuivuta sauti huku mguu wake ukiwa hewani.

Wanasaikolojia wa lugha nao wameligusa jambo hili. Katika miaka ya 1960 Mmarekani James Asher alianza kuonyesha kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili huelewa na hukumbuka vizuri amri anazozitii kwa mwili wake wote, kama vile simama, geuka, nenda mlangoni. Hoja yake ilihusu msamiati na sarufi. Sisi tunaona kwamba katika kwaya mwalimu anaweza kuipeleka hatua moja mbele, hadi katika matamshi.

Kutokana na mazoezi ya kwaya yetu tungependa kupendekeza mambo matatu. La kwanza, kabla ya kuimba, wanafunzi wayaseme maneno wakitembea kwa mwendo wa kawaida na kukanyaga penye mkazo. Pale wanapojikwaa ndipo penye kosa, ama la mwimbaji ama la mtunzi. La pili, kundi moja litembee kwa mapigo ya wimbo huku kundi la pili likipiga makofi kwa mkazo wa maneno. Miguu na makofi vikikutana, wimbo umekaa vizuri katika lugha. Visipokutana, mahadhi yarekebishwe, lugha isiguswe. La tatu, mwishoni waimbaji wasimame, waimbe bila kutikisika, na kila mmoja aupitishe mwendo kichwani tu. Zoezi hili la tatu ni la lazima, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kama mwili umekwisha kulifundisha sikio.

Mazoezi haya hayahitaji kinanda wala fedha. Yanahitaji madawati yasogezwe kando. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020 umeongeza idadi ya wanafunzi wanaokutana na Kiswahili darasani, na wengi wao wako katika shule zisizo na vitabu vya kutosha. Kwa mwalimu wa shule kama hiyo, nafasi ya kutembea ni nyenzo ya kufundishia.

Hitimisho

Tumjibu sasa mwenzetu wa mlangoni. Kwaya na ngoma zilitenganishwa na historia, nayo ni historia fupi, yenye sababu zinazojulikana. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa na neno moja kwa yote. Ulaya yenyewe, ambayo kwa jina lake tulifungwa mikono, ilikuwa na walimu waliotaka mikono ifunguliwe. Na tangu Kamina hadi kwenye ngonjera, watu wa eneo letu wameonyesha mara nyingi kwamba mwili ukipewa nafasi mazoezini, sauti haipungukiwi na adabu.

Katika siku yenyewe, tarehe 7 Julai, wanafunzi wetu walisimama jukwaani wima, kwa heshima, na "nyumbani" ikatoka ikiwa na uzito mahali pake. Wengi waliowasikiliza hawakujua kwamba walijifunza kwa miguu, wala haikuwa lazima wajue. Sisi tulimkumbuka yule mwenzetu wa shule ya bweni ambaye mguu wake ulikuwa ukituongoza sote. Wakati ule tulinyamaza alipofukuzwa, tukidhani kwamba mwalimu amelinda muziki.

Walimu wenzetu, katika kila darasa yupo mwanafunzi ambaye mguu wake hautulii. Kabla hatujamkemea, tusikilize kwanza unapiga wapi. Na wale ambao wamekwisha kujaribu mbinu kama hizi katika shule zao, ziwe zimefaulu au zimeshindikana, tunawaomba watuandikie ili katika matoleo yajayo tuendelee kujifunza kwa pamoja.